Maji Safi Kupita Kiasi

Ukitaka kumjua mwalimu Umuhire, usiende kumuulizia ofisini kwa mkuu wa shule. Simama nje ya dirisha la darasa lake siku ya maji ya chokaa. Utasikia kelele, utadhani ndani kuna mechi na mtu amefunga bao la mwisho.

Jambo lenyewe ni dogo, hata linachekesha. Anachukua chokaa ya kawaida, ile ya kupaka kuta, anaikoroga kwenye maji ya mvua na kuiacha itulie hadi kesho yake. Kisha anamimina yale ya juu, maangavu kabisa, kwenye glasi. Anamwita mwanafunzi mmoja mbele, anampa mrija, anamwambia apulize polepole. Mwanafunzi anapuliza huku wenzake wakimcheka mashavu. Mwanzoni hakuna kitu. Halafu ukungu mwembamba unaingia ndani ya glasi, unazidi, unazidi, mpaka maji yote yanakuwa meupe kama yametiwa maziwa. Na hakuna aliyetia kitu ila pumzi yake mwenyewe. Hapo ndipo darasa linapolipuka.

"Munaona?" Umuhire huwauliza, naye macho yamemtoka kama wao. "Hii nyeupe ni jiwe. Mwenzenu anatengeneza jiwe na kinywa yake."

Amefundisha kemia miaka mingi pale Goma, kwenye shule ambayo maabara yake ni kabati moja lisilofungika. Walimu wengine huzoea. Yeye hajazoea, na nadhani hatazoea mpaka astaafu. Kila mwaka glasi ikigeuka, nywele za mikono humsimama, na baadaye hutembea kurudi nyumbani akitabasamu peke yake njiani kama mtu aliyepigiwa simu na mchumba.

Anachokipenda kuliko vyote ni safu wima ya pili ya jedwali la elementi. Anaiita familia. Magnesiamu, kalsiamu, strontiamu, bariamu: watoto wa mama mmoja, anasema, lakini usiwaamini kwamba wanafanana. Waunganishe na hidroksidi uone. Wa magnesiamu karibu haingii majini, ndiyo maana ile dawa nyeupe ya kiungulia lazima utikise chupa kabla ya kunywa. Wa kalsiamu anaingia kidogo, kwa kujivuta. Wa bariamu, aliye chini zaidi, anayeyuka bila hata kuombwa. Sawa, unafikiri umewajua. Sasa wape salfeti badala ya hidroksidi, na familia yote inapinduka kichwa chini miguu juu: chumvi ya magnesiamu, ile ya kusafishia tumbo, inayeyuka papo hapo, ya kalsiamu, ile ya plasta ya mkono uliovunjika, inasitasita, ya bariamu inakataa katakata. Na kaboneti? Hapo karibu wote wanakubaliana kukataa, wanatua chini ya maji kama mawe, kwa sababu ni mawe kweli.

Wanafunzi huandika hayo ili wafaulu mtihani. Umuhire anayo sababu nyingine.

Alipokuwa bado msichana wa sekondari, baba yake, muzee Twagirayezu, aliteremka kutoka milima ya Masisi alikokuwa akichunga ng'ombe, tumbo limemkamata vibaya. Hospitalini walimpa kikombe cha kitu cheupe kizito, wakamwambia akimalize chote, wakamsimamisha mbele ya mashine ya picha. Muzee alinung'unika kwamba wamemnywesha ukuta. Lakini kwenye picha tumbo lake lilionekana lote, jeupe, kona kwa kona, na daktari akaona kidonda kilipokuwa. Umuhire alisoma jina la ile dawa kwenye kopo: ilikuwa ya bariamu.

Baadaye, akiwa chuo cha ualimu, akasikia mhadhiri akisema kwamba bariamu ikiyeyuka ndani ya mtu ni sumu, husimamisha moyo. Alipigwa na baridi pale kwenye benchi. Baba yake alikuwa amekunywa kikombe kizima, na wakati huo alikuwa hai huko Masisi akigombana na ndama. Ndipo akaelewa: ile ilikuwa salfeti. Iliingia, ikapita, ikatoka kama ilivyoingia. Muzee alitembea na sumu tumboni na sumu haikumgusa, kwa sababu tu ilikataa kuyeyuka. Umuhire alilia siku hiyo, na si kwa huzuni. Alilia kwa sababu dunia ilikuwa imepangwa kwa namna ambayo hakuwahi kuiota, na mpangilio huo ulikuwa umemwachia baba.

Basi ndivyo alivyo. Sasa nikueleze kuhusu mdogo wake.

Fortunat ndiye kitinda mimba wa muzee. Vita vya Masisi vilimtoa kijijini pamoja na mkewe Jolie, wakaishi chini ya turubai Kanyaruchinya, kisha chini ya turubai jingine Mugunga, na kambi zilipovunjwa wakahamia kwa Umuhire, wakibanana kwenye chumba kimoja. Mtoto wao Gradi alizaliwa humo. Hakuna aliyelalamika, lakini mwanamume mwenye mke na mtoto akilala kwa dada yake, hata chakula humkwama kooni. Fortunat alitaka nyumba. Ya mbao, ndogo, yenye mlango wa kufunga. Hilo tu.

Siku moja akamjia dada yake, ambaye humwita yaya, akicheka peke yake.

"Yaya, nimepata parcelle! Kiwanja ya kujenga!"

"Fasi gani?"

"Mugunga. Chini kidogo ya barabara ya Sake."

"Chini kidogo," Umuhire akasema. "Ni chini ya namna gani, Fortunat?"

Fortunat akaangalia pembeni, na dada akajua kwamba ni shimoni.

Watu wa Mugunga hawahitaji kuelezwa mazuku ni nini, lakini wewe unayesoma ukiwa mbali nikuambie. Volkano zetu hupumua. Hazingoji kulipuka, kila siku hutoa hewa kupitia nyufa za lava, ileile tunayoitoa sisi tukipumua, ila huko ni nyingi na nzito. Haina rangi, na pua haiijui. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama mabondeni kama maji ndani ya beseni, hasa jioni upepo unapotulia. Mtu mzima akiwa amesimama anaweza asihisi kitu. Kuku anakufa, mbuzi anakufa, mtoto anayetambaa anakufa, na mwanamume mwenye nguvu zake akilala kwenye mkeka naye hafi tofauti.

"Benye parcelle balishatupimia," Fortunat akajitetea. "Baliwasha karatasi, tukashuka nayo mpaka chini. Moto haikuzimika hata kidogo."

"Saa ngapi?"

"Midi, saa sita ya muchana."

"Midi, na upepo ya ziwa! Hata mimi ningetoka mule nikiimba."

Kupima kwa moto ni desturi ya huko, na si desturi mbaya, ila moto huona saa ile ulipouwasha tu. Umuhire alitaka kitu kitakachokesha humo shimoni. Ndipo akafikiria maji ya chokaa, na wazo hilo lilimfurahisha kuliko ilivyostahili. Alichukua mabaki ya maji ya darasani, na kwa kuwa yalikuwa machache akayaongezea maji ya mvua mengi ili yajaze sahani pana. Hakuthubutu kutumia maji ya ziwa. Aliwahi kujaribu miaka ya nyuma, yakawa meupe kabla hata mtu hajapuliza, kwa kuwa ziwa Kivu lenyewe limejaa pumzi ya volkano.

Akampa Fortunat chupa na sahani. "Utaiweka chini kabisa magaribi, utaiondoa asubuyi. Ikikuwa nyeupe, hapana kujenga. Ikibakia safi, jenga."

Lilikuwa agizo fupi, la kuandikwa ubaoni, na Fortunat alilishika neno kwa neno. Kesho yake asubuhi akapiga simu akipiga kelele hata ikabidi dada aisogeze simu mbali na sikio. Maji yalikuwa safi! Safi kabisa! Umuhire alimshukuru Mungu, akaenda kazini.

Nyumba ilijengwa haraka, kwa mbao mbichi zenye harufu tamu, sakafu ya mawe madogo ya lava yaliyosawazishwa. Vijana wa kazi walifanya mchana, jioni wakarudi makwao. Kisha ikafika Jumapili ya kuhamia. Baada ya misa, alasiri, Umuhire akaenda kuwapongeza, akiwa na sufuria mpya mkononi kama zawadi, maana huingii nyumba mpya ya mdogo wako mikono mitupu.

Alishuka mteremko akishikilia mawe. Fortunat alisimama mlangoni amevaa shati la harusi. Jolie alikuwa ametandika godoro chini, kitanda bado, na Gradi amelala katikati yake amejiachia, mdomo wazi. Umuhire aliangalia kuta, akagonga mbao, akasifu mlango, akaufunga na kuufungua kwa sababu Fortunat alitaka aufunge na kuufungua. Alikuwa na furaha ya kweli. Chumba kile kilikuwa kimechukua miaka mingi kupatikana.

"Na yaya aone hii," Jolie akasema. Kutoka kwenye ubao ulioshikilia rozari aliteremsha chupa ndogo iliyofungwa vizuri. "Mayi yako ya sahani. Siku ile asubuyi nikasema siwezi kuimwanga. Hii mayi ndiyo ilitupa nyumba."

Umuhire akaipokea akicheka, akaiinua kwenye mwanga wa mlango. Maji yalikuwa maangavu. Hakuna vumbi, hakuna ukungu, hakuna hata uzi mweupe.

Kicheko kikamwishia mdomoni.

"Mama Gradi, uliichuja?"

"Hapana. Niliimwanga tu vile ilikuwa."

"Juu ya sahani hakukuwa ngozi? Kitu nyeupe, nyepesi, kama ya juu ya maziwa?"

"Hapana, yaya. Ilikuwa propre, safi kabisa."

Hapo mwalimu wetu akakaa kwenye ukingo wa godoro, chupa bado mkononi. Kwake nyumbani, maji ya chokaa yakiachwa wazi usiku mmoja dirishani, asubuhi yana ngozi nyeupe juu. Kila mara. Hewa nzuri nayo ina kidogo ya ile pumzi, na hicho kidogo kinatosha kutengeneza utando wa jiwe. Sahani iliyolala wazi popote duniani lazima iamke na ngozi. Maji haya hayakuwa nayo. Yalikuwa safi kupita kiasi.

Kulikuwa na njia moja tu ya kuyaacha hivyo, na alikuwa ameisoma katika mistari miwili ya kitabu miaka mingi iliyopita. Darasani hakuwahi kufika huko, kwa sababu maji yakishakuwa meupe watoto hupiga kelele, kengele hulia na mapafu ya mwanafunzi huchoka. Lakini volkano haichoki kupuliza.

"Fortunat," akasema. "Washa makala."

"Ya nini? Chakula Jolie alishapika."

"Washa tu, mudogo wangu."

Sauti yake ilimfanya Fortunat asiulize tena. Alileta mbabula, jiko la makaa, nje ya mlango, akachochea moto. Umuhire alichukua ile sufuria mpya, ambayo haikuwahi kuguswa na maji ya ziwa wala chakula, akamimina humo maji yote ya chupa. Chini ya sufuria paling'aa kama kioo. Wakachuchumaa wote watatu kuizunguka.

Yalianza kupata moto. Viputo vidogo vikapanda. Kisha, ndani ya yale maji maangavu, ukungu ukatokea. Haukutoka mahali popote. Hakuna aliyepuliza, hakuna aliyetia kitu. Ulitanda polepole kutoka chini, ukawa mzito, na maji yalipoanza kutokota sufuria nzima ilikuwa nyeupe.

Jolie akafanya ishara ya msalaba.

Umuhire alitetemeka. Na nikwambie ukweli, kwa kitambo kidogo hakutetemeka kwa hofu. Aliona kitu ambacho alikuwa amekiamini bila kukiona: jiwe lililokuwa limejificha ndani ya maji bila kuonekana, likirudi kwa sababu moto umeifukuza pumzi iliyolishika. Alisahau nyumba, akamsahau hata mtoto. Aliona tu ukubwa wa jambo lile ndani ya sufuria ndogo, mlima mzima umeweka mkono wake humo. Kisha akakumbuka alipokuwa, na aibu ikamchoma.

"Ni nini?" Fortunat akauliza kwa sauti ndogo.

"Ni jiwe. Ile sahani haikubakia safi. Usiku, wewe ukiwa umelala, ilikuwa nyeupe kabisa. Halafu mazuku ikaendelea kuingia, kuingia, mpaka ikaikula ile nyeupe yote, ikayeyuka tena. Asubuyi ukakuta safi."

"Jiwe inayeyuka namna gani mu mayi?"

Jolie ndiye aliyejibu.

"Ni kama birika," akasema polepole. "Mayi ya ziwa, ukiangalia ni safi. Ukichemusha kila siku, birika inaota mawe ndani."

"Ndiyo," Umuhire akasema. "Ni ileile. Mulima ndio unayeyusha mawe ndani ya ziwa letu. Na hapa pia."

"Hapa fasi gani?"

Umuhire akanyoosha kidole kupitia mlangoni, kwenye godoro.

Fortunat alisimama, akaenda hatua mbili, akarudi. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Yaya, wewe ulisema. Ulisema ikibakia safi, jenga. Ni kinywa yako."

"Ni kinywa yangu."

"Nimejenga!"

"Nilikosea, Fortunat. Nilikuambia nusu. Hata mimi nilikuwa najua nusu." Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta. "Ukitaka kunikasirikia, unikasirikie. Lakini hapana kulala humu. Nakuomba. Hapana hata leo tu."

Fortunat alitazama sufuria. Alitaka iwe uongo. Umuhire aliliona hilo waziwazi, jinsi alivyotafuta tundu lolote la kupitia: labda sufuria chafu, labda chokaa mbovu, labda dada amechoka na masomo yake. Yeyote aliyelala chini ya turubai miaka ile angetafuta tundu hilohilo.

"Wale vijana wa kazi," Jolie akasema, macho yake yakiwa chini. "Wakikuja asubuyi sana walikuwa wanasema kichwa inawauma, miguu haina nguvu. Wewe ukawaambia wapunguze kasiksi."

Kasiksi ni pombe ya ndizi, na Fortunat alijua kwamba vijana wale walikuwa walokole wasioonja hata tone.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya vilima vya Sake. Upepo wa ziwa, uliokuwa ukitikisa pazia la mlango mchana kutwa, ulipungua, ukapungua tena, na pazia likaning'inia wima. Wote watatu waliliona likisimama. Umuhire aliinuka kumwendea mtoto, lakini Fortunat alikuwa ameshaingia ndani.

Alitoka na Gradi. Hakumbeba kifuani wala begani. Alimshika kwa mikono miwili akamnyanyua juu ya kichwa chake, mikono imenyooka kabisa, kama mtu anayevuka mto na mzigo asiotaka ulowe. Gradi aliamka huko juu, akatazama huku na huku, akaanza kucheka. Fortunat akapanda mteremko hivyohivyo, akitafuta mawe kwa miguu kwa sababu hakuweza kutazama chini. Jolie alifuata akiburuta godoro, na Umuhire nyuma yake akisukuma upande wa pili. Hewa iliyowazunguka ilikuwa tulivu, nzuri kwa macho, na huwezi kujua kama ilikuwa imeanza kujaa au bado.

Juu, kwenye kingo za lava, majirani waliokuwa wakipika walisimama na miiko mikononi wakiwatazama. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja alifunika uso kwa kitenge.

"Yaya," Fortunat akasema bila kugeuka, pumzi zikimpaa. "Tutalala wapi sasa?"

"Kwangu."

"Mpaka siku gani?"

Umuhire alitazama nyuma mara moja. Nyumba ilikuwa chini mle shimoni, mbao zake bado za manjano, mlango wazi, na mbele yake makaa yalikuwa yamefifia kabla ya wakati wake.

Walikuwa wameshafika mahali pa juu, salama kabisa, lakini Fortunat hakuteremsha mikono. Jolie alimwambia amlete mtoto, hakusikia. Alitembea hivyo, mtoto juu, mpaka walipokanyaga barabara ya Sake.